Tamathali za Usemi na Historia Yetu ya Masisi na Walikale

Katika shule zetu za sekondari mwanafunzi anapofika madarasa ya juu anakutana na somo la tamathali za usemi. Analisoma kwa Kifaransa. Kitabu kinamwambia kwamba mtu "aliyekunywa glasi" hakunywa kioo, alikunywa kile kilichokuwa ndani yake, na kwamba "matanga mia" yakionekana baharini ni merikebu mia. Mtoto wa Nyabiondo au wa Mubi, ambaye hajaona bahari hata siku moja, anaandika matanga yale katika daftari, anayakariri, anayarudisha siku ya mtihani wa serikali, kisha yanamtoka kichwani. Programu ndivyo inavyotaka.

Na huku inje ya darasa, mtoto huyohuyo anaishi ndani ya tamathali toka asubuhi mpaka usiku. Bibi yake anazitumia akimkaripia. Redio inazitumia ikitangaza vita. Askari wa kizuizi anazitumia akiomba pesa. Hata majina ya vita ambayo babu yake alikimbia, hayo pia ni tamathali tupu. Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha kwamba kwetu Masisi na Walikale tamathali za usemi si mapambo ya mashairi tu. Ni sehemu ya historia yenyewe. Hatari yake kubwa inakuja siku watu wanaposahau kwamba neno fulani lilikuwa mfano tu, wakaanza kulishika kama ukweli. Siku hiyo kuko mtu mahali fulani ambaye atalipa.

Tuanze na kilicho kizuri, kwa maana kiko. Mwaka 1956, katika inchi ya Banyanga, huko Walikale, mtaalamu Mbelgiji Daniel Biebuyck alimsikiliza mzee mmoja, Candi Rureke, akisimulia habari za Mwindo. Rureke alisimulia siku kumi na mbili. Aliimba, alicheza, aliigiza, huku wengine wakipiga mipigo na kuitikia, na wasaidizi wakiandika. Masimulizi ya namna hiyo Banyanga wanayaita karisi. Mwaka 1969 kitabu kilitoka Marekani, katika Kinyanga na Kiingereza, chenye majina mawili: la Biebuyck na la Kahombo Mateene, mwana wa Banyanga aliyekuwa mtaalamu wa lugha. Leo Mwindo anasomwa katika vyuo vikuu vya ulaya na vya Amerika. Walikale kwenyewe ni wanafunzi wachache waliokwisha kukishika kitabu hicho mkononi.

Karisi ile ni ghala ya tamathali. Shemwindo, mtawala wa kijiji cha Tubondo, anakataza wake zake wasizae mtoto mwanamume. Mke wake mpendwa anamzaa Mwindo, na mtoto hapiti njia ya watoto wote: anatokea kwenye kidole cha kati cha mama yake, tayari anasema, tayari anatembea, fimbo yake ya usinga mkononi. Baba anamrushia mkuki, haumpati. Anamzika, anatoka kaburini. Anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini, ngoma inaelea na kwenda zake kwa shangazi yake Iyangura. Hii ni chuku, au mubalagha kama wanavyosema waandishi wa pwani: kukuza jambo kupita kipimo chake. Lakini hakuna msikilizaji wa Kinyanga aliyedanganywa nayo. Kila mmoja alijua kwamba anaambiwa habari za baba anayemwogopa mrithi wake, jambo ambalo kila nyumba ya mwami imekwisha kulijua.

Tusimame kidogo kwenye jina la sifa la Mwindo: Kabutwa-kenda, yaani kadogo kaliyezaliwa mara kakatembea. Tazameni ile ka- ya mwanzo. Katika lugha zetu nyingi, na katika Kiswahili chetu cha Kivu pia, ka- inapunguza kitu: katoto, kanyumba, kanjia. Wenzetu wa Dar es Salaam wanasema kitoto na kijumba, ile ka- hawana desturi nayo. Kwetu ina kazi nyingi. Inabembeleza, kama mama anavyoita katoto kake. Inadharau: "kale kamutu". Inaomba kwa adabu: "unipatie kafranga", na mwenye kuomba hivyo pengine anataka kiasi kikubwa. Katika jina la Mwindo, ka- inafanya kinyume kabisa cha kazi yake, kwa kuwa udogo wake ndio unaoonyesha ukubwa wake. Mtangazaji hasemi kwamba Mwindo ni jitu. Anasema ni kadogo, kisha anatuachia sisi kushangaa. Tunaomba msomaji aishike hiyo ka- mkononi, tutakutana nayo tena mahali pengine, na huko haitakuwa na furaha hii.

Kitu kingine katika karisi hiyo, ambacho kwa maoni yetu ni hekima yake kubwa. Mwindo anajisifu mno. Karisi inamkuza na kumkuza, kisha inamchukua mpaka mbinguni, kwa mkono wa Nkuba, radi. Huko anakaa mwaka mzima katika baridi. Mvua inamkaripia, mwezi unamkaripia, jua na nyota pia. Anarudi kijijini mtu mwingine, akiwa na sheria za kuwapa watu wake. Yaani chuku ile yenyewe ilikuwa na dawa yake ndani ya masimulizi. Msanii wa zamani alijua kwamba sifa bila mipaka inaharibu mtawala. Wale walioandika nyimbo za sifa za vyama vyetu vya siasa hawakufika kwenye sehemu hiyo ya karisi.

Juu ya tafsida, yaani kusema jambo chungu au la aibu kwa neno laini, hatutakawia sana hapa, tutairudia mbele. Kila kabila letu linayo. Hatusemi mzee amekufa, tunasema ametuacha, au Mungu amemwita. Wanaosema Kinyarwanda walikuwa na kitenzi cha pekee kwa kifo cha mfalme, kilekile cha kutoa au kupana. Hizi ni tafsida za heshima, hazina madhara. Kuko zingine za tumbo. Tangu serikali ilipoacha kulipa walimu vizuri katika miaka ya 1990, wazazi ndio waliochanga pesa za kumlisha mwalimu, na pesa hizo zilipewa jina la "motivasyo", kana kwamba mwalimu alikuwa mvivu na kinachomsumbua ni kukosa moyo. Hakukosa moyo, alikosa mshahara. Shule za msingi zilitangazwa kuwa za bure mwaka 2019. Sekondari neno lile bado linatembea.

Sasa tuingie katika historia ya serikali, ambayo imepanda tamathali nyingi katika udongo wetu kuliko mtu mwingine yeyote.

Neno "kupanda" hatukulichagua bure. Toka mwaka 1937 mpaka 1955, utawala wa Ubelgiji ulihamisha familia kutoka Rwanda, iliyokuwa na watu wengi na njaa, kuzileta Masisi na sehemu zingine za Kivu. Kazi hiyo ilipewa ofisi yake, iliyojulikana kwa herufi tatu, MIB. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu karibu 85,000 waliletwa kwa njia hiyo, bila kuhesabu waliovuka wenyewe. Wazungu walihitaji pia mikono kwa mashamba yao ya kahawa, chai na pareto. Na kitendo hicho chote katika makaratasi yao kiliitwa "transplantasyo", na watu wale "wahamishwa-miche", yaani waliong'olewa kitaluni na kupandwa mahali pengine.

Hiyo ni sitiari. Inatoka katika bustani. Mwenye kulima kabichi anajua: unang'oa mche, unaupeleka kwenye tuta, unaumwagilia maji. Mche hauulizwi kama unataka kwenda. Tuta nalo haliulizwi kama linataka kupokea. Ndivyo ilivyokuwa. Aliyeletwa kutoka Rwanda hakujua ardhi anayopewa ni ya nani. Bami wa Bahunde na watu wao, ambao ardhi ilikuwa mikononi mwao kwa desturi, walijikuta wameitwa udongo. Mbelgiji peke yake ndiye aliyekuwa mtu katika sitiari hiyo, yaani mwenye bustani. Katika eneo la Gishari wahamishwa walipewa utawala wao wenyewe, uliotolewa katika ardhi ya Bahunde. Mwaka 1957 utawala huo ukavunjwa. Miche ikaambiwa tena kwamba tuta si lake. Mwenye bustani akaondoka mwaka 1960, na miche na udongo vikabaki kutazamana.

Tukiwauliza wanafunzi wetu leo, wengi bado wanazungumza kwa lugha ileile ya bustani bila kujua ilitoka wapi. Huyu ana mizizi, yule hana. Huyu ni wa udongo huu, yule alipandwa. Mtoto aliyezaliwa Mweso, ambaye baba yake alizaliwa Mweso na babu yake pia, anaweza kuambiwa hana mizizi. Na mtoto wa Kihunde ambaye familia yake ilipoteza shamba anaambiwa kwamba anagombania udongo kwa chuki tu. Wote wawili wanapigwa kwa fimbo moja iliyochongwa ofisini na mtu ambaye hawakumjua.

Kuna mfano mwingine mdogo wa wakati ule. Katika Vita ya Pili ya Dunia, serikali ya koloni ilidai mpira wa porini, chakula na kazi za barabara, ikaita yote hayo "jitihada ya vita". Neno zuri, kama vile watu walijitolea. Mwaka 1942 siku za kazi ya lazima kwa mwaka zilipandishwa kutoka 60 mpaka 120. Mwanzoni mwa mwaka 1944 watu wa Masisi na Lubutu, wengi wao Bakumu, waliasi chini ya Bushiri, mtu wa Kitawala aliyejitangaza kusimama mahali pa Yesu. Serikali iliwapiga vikali. Yeye naye alisema kwa mfano, lakini mfano wake askari waliuchukua jinsi ulivyo. Mifano ya serikali hakuna aliyeipeleka mahakamani.

Na jina lile la "Uswisi wa Afrika", ambalo wageni wamewapa vilima vya Masisi kwa ajili ya majani mabichi, ng'ombe na fromaji? Ni tashbihi iliyofupishwa, na wengi wetu tunaifurahia, hata sisi. Lakini malisho yale hayakuumbwa na Mungu siku ya tatu. Kabla ya kuwa malisho yalikuwa pori na mashamba ya watu. Anayesema Uswisi anaona nyasi tu, haoni nani alitoka hapo ili nyasi ziote.

Baada ya uhuru ikaja vita ya kwanza ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa jina la Kanyarwanda, toka mwaka 1963 mpaka 1965. Jimbo jipya la Kivu Kaskazini lilikuwa limezaliwa, kila mtu aligombania nani atawale na nani apige kura, na watu waliosema Kinyarwanda waliingia katika mapigano na viongozi wa Bahunde na wengine. Jina lile vitabu vya Tanzania vingeliweka katika taniaba: jina la mtu mmoja linasimama kwa watu wengi. Katika masimulizi ya asili ya Rwanda, Kanyarwanda ni mtoto wa Gihanga, babu wa wafalme. Hivyo maelfu ya watu wa Masisi, Bahutu na Batutsi, waliofika kwa miaka mbalimbali na kwa sababu mbalimbali, wengine wakiwa hapo kabla ya koloni, waligeuka mtu mmoja. Mtu mmoja ni rahisi kumchukia. Ana uso mmoja, ana nia moja, na kama amekosa basi wote wamekosa. Taniaba hiyo iliwafaa pia wakubwa wa upande wa pili, waliopenda watu wao wote wasimame nyuma yao kama mtu mmoja. Hatujui tamathali iliyotumika zaidi katika historia yetu kuliko hiyo: kila vita mpya inaanza kwa kugeuza watu elfu kuwa mtu mmoja.

Sheria nazo zilifuata njia hiyo. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 iliwapa uraia waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ikarudi nyuma mpaka mwaka 1885, ikidai mtu aonyeshe babu aliyekuwa hapa siku zile. Nani kati yetu, wa kabila lolote, ana karatasi ya babu ya mwaka 1885? Kati ya sheria hizo mbili kukazaliwa usemi wa "uraia wa mashaka". Tazameni ujanja wake. Mwenye mashaka ni mwandishi wa ofisini, lakini mashaka yanabandikwa kwa raia, kama vile ni ugonjwa wa mwili wake. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 ilitengeneza mambo kwa kuweka kipimo kwenye uhuru wa mwaka 1960, ila usemi ule haukufutwa na sheria yoyote.

Tarehe 20 Machi 1993, katika soko la Ntoto, Walikale, watu wenye silaha za jadi na bunduki walishambulia Bahutu waliokuwa sokoni. Moto ukaenea Walikale, ukavuka Masisi, wa upande huu wakiua na wa upande ule wakilipiza. Watu elfu kadhaa walikufa katika miezi michache, na waliokimbia walikuwa wengi zaidi sana. Jamani, msomaji atuangalie sisi wenyewe: tumesema "moto ukaenea". Moto hauna jina wala hauna kadi ya chama. Moto haupangi mkutano usiku. Tukisema moto ulienea, tumewatoa wote waliouwasha katika sentensi. Ni tashihisi iliyogeuzwa: badala ya kuipa vita tabia ya mtu, tunawanyang'anya watu tabia zao na kuipa vita. Tumeiacha makusudi katika maandishi ili ionekane jinsi inavyoteleza kirahisi, hata kwa watu wenye nia nzuri. Vitabu vingi vya Kifaransa vinasema "matukio ya Masisi". Matukio! Kama mvua ya mawe.

Kwa majina ya vita hiyo, kuna wanaosema vita ya Ntoto, kuna wanaosema vita ya Masisi. Aliyetoka upande mmoja anataja mahali ilipoanzia, aliyetoka upande mwingine anataja mahali alipopoteza watu wake. Jina la mahali limesimama badala ya jambo, na kwa kuchagua mahali, msemaji amekwisha kukuambia wapi anahesabu mwanzo. Mwalimu wa historia mwenye akili anasikiliza jina hilo kabla ya kusikiliza hadithi.

Mwaka 1996 ikaja vita ya AFDL, iliyojiita ukombozi. Na hapa ile ka- yetu inarudi. Watoto walichukuliwa shuleni na barabarani, wakavalishwa buti zilizowazidi miguu, wakapewa bunduki, wakaitwa kadogo. Wakiwa wengi, "bakadogo". Neno la mama kwa mtoto wake! Watu walilisema kwa tabasamu: angalieni kale kadogo kanavyobeba kalasha. Kinshasa ilipoangukia mikononi mwao mwezi wa Mei 1997, wageni waliandika kadogo katika magazeti yao kama jina la kikosi. Sheria za dunia zinaita jambo hilo kuingiza watoto jeshini, na ni kosa la vita likiwa mtoto hajafika miaka 15. Kiswahili chetu kililifunika kwa herufi mbili. Mwindo alikuwa kadogo aliyemshinda baba yake katika karisi, watu wakacheka na kupiga mipigo. Bakadogo wa 1996 hawakutoka kwenye kidole, walitoka mwaka wa tano wa shule ya msingi, na waliobaki wazima leo ni watu wa makamo.

Baada ya hapo maneno yakawa mengi hata tunashindwa kuyafuata. Mai-Mai ni mayi, maji ya dawa yaliyoaminiwa kugeuza risasi; mwaka 1964 waasi wa Simba walikwisha kulia "Mai Mulele" wakienda mapiganoni. Hapo kitu kimoja cha vita, maji, kimekuwa jina la wapiganaji wote. Serikali ya mpito ikaleta "brasaji", neno la Kifaransa la kiwanda cha bia, ili kuchanganya wapiganaji wa zamani katika jeshi moja. Mwaka 2007 ikaja "miksaji" kwa askari wa CNDP, nayo haikumaliza mwaka. Kila mama wa Masisi anayepika kasiksi angeweza kuwashauri: ndizi mbichi na ndizi mbivu ukizikamua pamoja siku moja, hutapata pombe. Unazivundika kwanza. Lakini hakuna aliyemwita mama huyo kwenye mazungumzo.

Kisha Raia Mutomboki. Kundi hilo lilianzia Shabunda mwaka 2005, likafika Walikale na kusini mwa Masisi kama mwaka 2011 na 2012. Jina lake ni sentensi nzima: raia wametomboka, wamekasirika na kuinuka. Ujanja wake ni kutaja kizima kwa sehemu. Wenye silaha ni wachache, jina ni la wote. Nani atashindana na raia? Umoja wa Mataifa ulichunguza mauaji katika wilaya ya Masisi toka mwezi wa Aprili mpaka Septemba 2012, ukahesabu raia wasiopungua 264 waliouawa na makundi yenye silaha, kati yao watoto 83. Katika makundi hayo Raia Mutomboki walitajwa, na Nyatura pia. Raia waliuawa na "raia". Sarufi inakubali sentensi hiyo, na ndilo tatizo lake.

Upande wa pili, M23 ni tarehe tu, siku ya makubaliano ya 23 Machi 2009, iliyochukuliwa mwaka 2012 kuwa jina la kundi. Tarehe haina kabila, haina mkubwa, haina kijiji. Kundi hilo lilishindwa mwaka 2013, likarudi mwisho wa 2021, likaingia Masisi-centre Januari 2025, na Walikale-centre Machi ya mwaka huo kabla ya kuondoka huko mwezi uliofuata. Waliosimama dhidi yake wamejulikana kwa jina la Wazalendo, neno ambalo tuliwafundisha watoto wetu katika somo la uraia kwa maana ya kila mtu anayependa inchi yake. Sasa tunatafuta neno lingine kwa mtu anayependa inchi bila bunduki.

Tumeahidi kurudi kwenye tafsida, na tunarudi kwa jambo zito. Toka tarehe 30 Julai mpaka 2 Agosti 2010, katika vijiji 13 vya barabara ya Kibua na Mpofi, Walikale, wapiganaji wa makundi matatu walibaka watu. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu 387: wanawake, wasichana, na pia wanaume na wavulana. Jambo hilo linajulikana kwa jina la kijiji kimoja, Luvungi. Hapa tena mahali pamesimama badala ya jambo, na mwanamke wa Luvungi akienda soko la mbali na kutaja kwao, watu wanainamisha macho. Kijiji kizima kimepewa jina la kidonda.

Lakini shida kubwa iko mdomoni mwa mashahidi. Lugha zetu zina adabu. Mama hatasema neno la wazi mbele ya wanaume, mbele ya mkwe, mbele ya mtoto wake. Atasema "walitufanyia mabaya", "waliniharibu", "walinichukua kwa nguvu". Kila aliyekaa katika kilio pamoja naye anaelewa. Karani wa mahakama anayeandika kwa Kifaransa anauliza: mabaya gani? Waliharibu nini? Tafsida iliyomlinda mama kijijini inamwacha bila ulinzi mbele ya karatasi.

Mambo hayo hayakuanza kwetu. Mahakama ya Arusha iliyohukumu mauaji ya Rwanda ya 1994 ilikutana nayo katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, iliyokatwa tarehe 2 Septemba 1998. Majaji waligundua kwamba mashahidi walitumia maneno manne ya Kinyarwanda kwa jambo hilohilo la kubakwa, mengine ya wazi, mengine laini, moja likiwa sawa na kusema walilala pamoja. Mahakama ilimwita mtaalamu wa lugha, Mathias Ruzindana, kueleza maneno ya wakati ule, yakiwemo yale ya kuwaita watu mende. Majaji walipima neno kwa neno, msemaji ni nani, amesema wapi, na waliosikia walielewa nini. Hiyo kesi ilikuwa ya kwanza duniani kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Kwa hiyo somo letu la tamathali, ambalo wanafunzi wanadhani ni la matanga na glasi, lilikaa mahakamani na kuapishwa.

Kwetu Ntabo Ntaberi Sheka, mkubwa wa kundi la NDC, alijitoa mikononi mwa Umoja wa Mataifa mwaka 2017. Kesi yake katika mahakama ya kijeshi ya Goma ilianza Novemba 2018. Watu wa Walikale walikwenda kusema, wengine wakiwa wamefunikwa nyuso. Tarehe 23 Novemba 2020 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa makosa ya vita, ubakaji ukiwemo. Katika hukumu ya namna hiyo hakuna "mabaya" wala "matukio". Kuna tendo, siku, mahali na jina la aliyetenda.

Darasani tumeanza zoezi moja ambalo halimo katika programu. Mwanafunzi analeta sentensi moja aliyoisikia nyumbani juu ya vita yoyote, kama ilivyosemwa. Ubaoni tunaiandika mara mbili: kwanza jinsi ilivyo, kisha bila tamathali, tukiuliza nani alifanya, alimfanyia nani, lini. Mara nyingi mstari wa pili unabaki na nafasi tupu, kwa kuwa aliyeleta sentensi hana jibu. Tunamrudisha nyumbani akaulize. Wengine wanarudi na jina. Wengine wanasema babu alinyamaza, kisha akawatuma wakachote maji.